Sanamu, makaburi na michoro ya kale katika makanisa ya Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiingia kanisa la kale la Uingereza, iwe kwa harusi, kwa ziara ya shule au kwa kukimbia mvua, utakuta watu wa mawe wamelala chali kando ya ukuta, viganja vimekutanishwa kifuani. Hapa kuna maswali ambayo wageni huuliza wakitoka humo. Majibu yanahusu zaidi England, tangu karne ya 12 hadi mwanzo wa karne ya 17, kwa sababu huko vitu hivi vimebaki hata katika makanisa ya vijiji vidogo.

Kwa nini wamezikwa ndani ya kanisa?

Wengi walizikwa nje. Mkulima wa kijiji alilazwa uani, mara nyingi bila jiwe, na miaka ikipita mahali pake palichimbwa tena kwa ajili ya mwingine. Ndani waliingia wenye nafasi: mabwana wa ardhi, makasisi, wafanyabiashara wakubwa na wake zao. Huko ndani nako hawakulingana. Kaburi la karibu na altare lilikuwa la heshima kuliko la karibu na mlango, na upande wa kaskazini wa altare ulithaminiwa kuliko yote.

Majivuno yalikuwemo, hilo halina ubishi. Lakini altareni ndipo Misa iliposomwa, na watu wa Zama za Kati waliamini kwamba Misa na sala za walio hai zinamfikia marehemu aliyeko toharani na kumpunguzia muda wa mateso yake. Sanamu iliyolazwa hatua chache kutoka kwa padre ilikuwa pale kumwambia kila siku: na mimi unitaje. Ukilishika hilo moja, sehemu kubwa ya unachokiona humo itaeleweka. Makaburi haya yanaomba kitu.

Maandishi ya Kilatini yanasema nini?

Usiogope, hata kama hujasoma Kilatini. Ni maneno yaleyale yanayorudiwa kanisa hadi kanisa. *Hic iacet*, "hapa amelala". Kisha jina, cheo na siku ya kufa. Mwisho *cuius anime propicietur Deus*, "Mungu airehemu roho yake". Mengine huanza na ombi lenyewe: *Orate pro anima*, "iombeeni roho ya" fulani. Mkatoliki aliyewahi kusimama makaburini tarehe 2 Novemba akisema "Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie" ameshayajua nusu yake, maana sala hiyo ndiyo *Requiem aeternam* waliyosaliwa hao waliolala hapo.

Wenye mali hawakuwategemea wapita njia. Waliacha mashamba ili kodi yake imlipe padre wa kuwasomea Misa, wakajenga vikanisa vidogo ndani ya kanisa kwa kazi hiyo. Wengine walianzisha nyumba za wazee maskini. Kule Ewelme, Oxfordshire, William de la Pole na mkewe Alice walianzisha mwaka 1437 nyumba ya wazee 13, ubavuni mwa kanisa, na sharti la kuishi humo lilikuwa kusali kila siku kwa ajili ya roho za wafadhili wao. Nyumba hiyo ya matofali bado ipo, na bado wazee wanakaa.

Yule mtu wa jiwe amelala au amekufa?

Wala hajalala wala si maiti. Tazama macho: mara nyingi yako wazi. Tazama mikunjo ya nguo: kwenye sanamu nyingi inashuka kuelekea miguuni kama ya mtu aliyesimama, ingawa kichwa kiko juu ya mto. Mchongaji alionyesha mtu anayesali huku akingoja ufufuo, na kwa kawaida alimpa mwili wa kijana mwenye afya hata kama marehemu alikufa mzee.

Mfano bora ninaoujua ni wa Richard Beauchamp, kabaila wa Warwick, aliyefariki Rouen mwaka 1439. Kaburi lake liko katika kanisa la Mtakatifu Maria mjini Warwick. Sanamu ni ya shaba iliyopakwa dhahabu. Aliyeimimina kwenye kalibu ni William Austen wa London. Mishipa ya mikono inaonekana. Viganja havikugusana kama ilivyo kwenye sanamu nyingine: vimeachana kidogo, kama mtu aliyeshtuka kwa kuona kitu, na ukifuata macho yake utafika kwenye dari, ambako kuna sanamu ya Bikira Maria. Kuna jambo jingine ambalo mgeni hawezi kuliona. Mgongo wa sanamu, upande unaolalia kaburi, nao umechongwa kikamilifu, na mikanda na vifungo vyote vya deraya. Kazi ile ya mgongoni haikufanywa kwa ajili ya macho ya mtalii.

Vile visanamu 14 vinavyozunguka ubavu wa kaburi ni waombolezaji: ndugu na wakwe, kila mmoja na ngao ya ukoo wake. Kwa macho ya leo ni kama orodha ya kamati ya mazishi, yenye majina mazito tu.

Miguu iliyopishana maana yake alipigana Vita vya Msalaba?

Hapana. Utaambiwa hivyo na watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanaotembeza wageni. Ilikuwa mtindo wa uchongaji wa England, hasa kati ya 1250 na 1350. Wapo waliopishanisha miguu ambao hawakuwahi kwenda Yerusalemu, na wapo waliokwenda wakalazwa miguu imenyooka.

Na wanyama walioko miguuni?

Mabwana mara nyingi wana simba, mabibi wana mbwa wadogo wenye njuga shingoni. Vitabu vingi vitakwambia simba ni ushujaa na mbwa ni uaminifu. Inawezekana, lakini mbwa wengine walikuwa mbwa tu. Kule Deerhurst, Gloucestershire, kuna bamba la shaba la mwaka 1400 la jaji Sir John Cassy na mkewe Alice. Miguuni pa Alice yuko mbwa, na jina lake limeandikwa hapo: Terri. Mtu alilipa fundi achonge jina la mbwa kanisani, na hilo mimi silihesabu kuwa fumbo la uaminifu. Ni mapenzi ya mtu na mbwa wake.

Miguu ya Beauchamp wa Warwick inakanyaga dubu, alama ya ukoo. Nenda Northleach, mji mdogo wa Cotswolds uliotajirika kwa sufu, utakuta wafanyabiashara wamesimamishwa juu ya kondoo na marobota ya sufu, bila haya yoyote. Jirani yao wa Chipping Campden, William Grevel, aliyefariki mwaka 1401, bamba lake linamwita kwa Kilatini "ua la wafanyabiashara wa sufu wa England yote". Makanisa ya pande hizo ni makubwa kupita vijiji vyake, na fedha zilizoyajenga zilitoka migongoni mwa kondoo.

Kwa nini makaburi mengine yana maiti inayooza?

Hili ndilo linalowashtua wageni kuliko yote. Henry Chichele, Askofu Mkuu wa Canterbury, alitengenezewa kaburi lake miaka ya 1420, naye akafa mwaka 1443. Yaani kwa karibu miaka ishirini alipita pembeni ya kaburi lake akienda kusali. Lina ghorofa mbili. Juu amelala askofu mkuu na mavazi yake yote, malaika kichwani. Chini amelala mtu yuleyule, uchi, mbavu nje, juu ya sanda. Maandishi yanasema alizaliwa maskini, akainuliwa hadi kiti cha askofu mkuu, na sasa ameangushwa, tayari kuwa chakula cha funza. Chuo cha All Souls cha Oxford, alichokianzisha mwaka 1438, ndicho kinachotunza kaburi hilo, kwa hiyo rangi zake zinang'aa kuliko za majirani.

Si vitisho. Ni ombi lilelile kwa sauti ya juu zaidi: hivi ndivyo nilivyo sasa, niombee haraka.

La Ewelme linakwenda mbali kuliko la Canterbury. Alice, yule wa nyumba ya wazee, alikuwa mjukuu wa mshairi Geoffrey Chaucer. Alifariki mwaka 1475. Juu amelala kwa alabasta nyeupe, uso mwembamba wa mtu mzima mwenye akili zake, na kwenye mkono wa kushoto amevaa mkanda wa Garter, nishani ambayo wanawake wachache mno walipewa. Chini, nyuma ya wavu wa mawe, umelala mwili wake uliokauka, nywele zimeachiwa, macho yakitazama juu. Anatazama nini? Upande wa chini wa lile jiwe linalombeba Alice wa juu umechorwa rangi: malaika Gabrieli anampasha Maria habari. Ukitaka kuuona inabidi ulale sakafuni. Michoro ile aliwekewa marehemu, aitazame yeye.

Alabasta ni nini? Ni sawa na marumaru?

Sivyo. Alabasta ya England ni aina ya jasi, ilichimbwa Derbyshire na Staffordshire. Ikitoka ardhini ni laini kiasi cha kukatwa kwa kisu, ndiyo maana mafundi waliipenda kwa kamba za nguo, vidani na nywele. Marumaru nyeupe ilitoka Italia na ilikuwa ghali. Mafundi wa Nottingham na kwingineko walichonga pia vibao vya altareni, wakaviuza mpaka Ufaransa, Hispania na Iceland. Jambo la kuchekesha, au la kusikitisha, ni kwamba leo vingi vilivyosalimika viko nje ya England. Sababu iko kwenye jibu la vichwa vilivyovunjwa, hapo chini.

Yale mabamba ya shaba sakafuni je?

Hayo yalikuwa kaburi la mtu wa kati: kasisi wa parokia, mwanasheria, mfanyabiashara. Shaba ya njano iliagizwa kwa mabamba kutoka upande wa Mto Rhine na Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo), fundi wa London au wa mkoani akaikata kwa umbo la mtu, akachora mistari kwa patasi, akaitia kwenye jiwe lililochimbwa kwa umbo hilohilo na kuishikiza kwa lami na misumari. Lilikuwa rahisi kuliko sanamu na halikuzuia njia. England ina mengi yaliyobaki kuliko nchi nyingine yoyote ya Ulaya.

Pale unapoona jiwe lenye shimo la kina kifupi lililokatwa kama mtu, shaba iling'olewa. Na iliyong'olewa haikutupwa. Monasteri zilipofungwa kati ya 1536 na 1540, mabamba yake yaliuzwa kama chuma chakavu, fundi akageuza upande wa nyuma na kumchora marehemu mpya. Kuna waliolala miaka mia nne na zaidi bila mtu kujua kwamba mgongoni pao yuko mtawa.

Nani alivunja vichwa na kukwangua nyuso?

Watoto watukutu wana sehemu yao, paa lililoanguka nalo lina yake. Lakini kazi kubwa ilifanywa kwa amri.

Mwaka 1538 serikali ya Henry VIII, mfalme aliyejitenga na Papa wa Roma, iliagiza sanamu zinazohijiwa ziondolewe, na mwaka huohuo kaburi la Mtakatifu Thomas Becket pale Canterbury likavunjwa. Mwaka 1547, chini ya mwanawe Edward VI, vile vikanisa vya kuombea wafu vilifutwa na mali zake zikachukuliwa na serikali, maana fundisho lenyewe la toharani lilikuwa limekataliwa. Sheria ya 1550 iliamuru sanamu zilizobaki makanisani ziharibiwe; ndipo alabasta nyingi zikauzwa ng'ambo. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, iliacha makaburi ya wafalme na wakubwa wasiohesabiwa kuwa watakatifu. Kwa ufupi: mtakatifu avunjwe, tajiri aachwe. Hata hivyo watu walizidisha, na mwaka 1560 Elizabeth I alilazimika kutoa tangazo la kukataza kuvunja makaburi ya watu.

Wimbi la pili lilikuja na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1643 na 1644 William Dowsing, aliyetumwa na upande wa Bunge kuondoa sanamu na alama za Kikatoliki, alizunguka Cambridgeshire na Suffolk, akipita makanisa zaidi ya 250, akiandika katika shajara yake nini kimevunjwa wapi: malaika, misalaba, vioo vya rangi. Alichokitafuta sana kwenye mabamba ya shaba ni yale maneno mawili, *orate pro*. Mara nyingi sanamu ya mtu ilibaki na ombi lake likang'olewa. Ukikuta bamba ambalo mtu yupo lakini ukanda wa maneno haupo, kuna uwezekano mkubwa unatazama kazi ya mtu aliyejua kusoma.

Kuta zilikuwa nyeupe hivi tangu mwanzo?

Hata kidogo. Kuta zilijaa michoro, na sanamu za mawe zilipakwa nyekundu, buluu, kijani na dhahabu. Tazama kwapani mwa sanamu na ndani ya mikunjo, ambako vumbi na vitambaa havikufika, mara nyingi utaona mabaki ya rangi.

Michoro ya ukutani ilifunikwa kwa chokaa, na chokaa ikaihifadhi bila kukusudia. Karibu na mlango, au ukutani mkabala nao, mara nyingi alichorwa Mtakatifu Christopher akivuka mto na mtoto Yesu begani, mkubwa kuliko wote, kwa sababu watu waliamini kwamba aliyemwona siku hiyo hatakufa ghafla bila kuungama. Juu ya tao la kuingilia altareni ilichorwa Hukumu ya Mwisho.

Ya Wenhaston, Suffolk, ilichorwa kwenye mbao, yapata mwanzo wa karne ya 16. Wakati wa ukarabati wa mwaka 1892 mbao hizo, zilizokuwa nyeupe kwa chokaa, zilitolewa nje uani kama takataka. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi chokaa ilikuwa imeanza kutiririka na nyuso zinatokea. Leo zimetundikwa kanisani. Petro anawapokea mfalme, askofu na kardinali, wote uchi kabisa isipokuwa kofia za vyeo vyao, ili ujue nani ni nani. Katikati kuna sehemu tupu zenye umbo la msalaba na la watu wawili: hapo ndipo zilipokaa sanamu za Kristo, Maria na Yohane kabla ya kung'olewa.

Kule Pickering, Yorkshire, michoro ilipogunduliwa mwaka 1852 kasisi aliona itawasumbua waumini, akaipiga chokaa upya. Ilifunuliwa tena baadaye katika karne hiyohiyo.

Mikwaruzo ya ukutani ni uhuni wa vijana?

Mingine. Lakini kabla ya kupuuza, angalia. Kwenye mnara wa kanisa la Ashwell, Hertfordshire, kuna maneno ya Kilatini yaliyokwaruzwa na watu walionusurika tauni, yanataja mwaka 1350 na kusema kwamba waliobaki kushuhudia ni masazo ya watu. Chini yake kuna mstari unaotaja upepo mkubwa wa mwaka 1361.

Renesansi, ule mwamko wa sanaa ulioanzia Italia, ilifika lini, na ilibadili nini?

Ilifika kwa mkono wa Mwitaliano mgomvi. Pietro Torrigiano wa Florence, yuleyule aliyemvunja pua Michelangelo walipokuwa vijana, alipewa mwaka 1512 kazi ya kaburi la Henry VII na mkewe Elizabeth wa York katika Westminster Abbey. Malaika wanene waliokaa pembe za kaburi hilo hawakuwahi kuonekana England kabla yake. Lakini mimi ningekupeleka kwanza kwenye kaburi alilomfanyia Margaret Beaufort, mama wa mfalme, humohumo: mikono ya bibi kizee, mikunjo ya ngozi imeonyeshwa moja moja.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya toharani kufutwa. Ikiwa sala haimfai marehemu, kaburi lina kazi gani? Likageuka kuwa taarifa: huyu alikuwa nani, alioa wapi, alizaa wangapi, aliwatendea nini maskini. Maandishi yakahamia Kiingereza na kurefuka. Watu wakaacha kulala wakapiga magoti wakitazamana, baba na wana upande mmoja, mama na mabinti upande wa pili. Mtoto aliyekufa kabla ya wazazi mara nyingine hushika fuvu. Wengi wa mafundi walikuwa wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Nchi za Chini, au watoto wao, wenye karakana Southwark, London. Kutoka huko ilitoka sanamu ya Shakespeare iliyoko Stratford, iliyokuwa imeshawekwa ukutani ifikapo 1623: nusu mtu, kalamu mkononi, haombi chochote. Mwaka 1793 ilipakwa nyeupe yote kwa sababu wataalamu wa wakati huo waliona rangi ni ushamba. Ilirudishiwa rangi mwaka 1861.

Kuna lolote humo linalohusu Afrika?

Lipo, na linaanzia pwani yetu. Visanamu vya pembe za ndovu vya karne ya 13 na 14, Maria na Mtoto na vibao vya kukunja vya kusalia, vilichongwa zaidi Paris, lakini ndovu hawakutoka Ufaransa. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Kiarabu, aliandika tangu karne ya 10 kuhusu pembe zilizotoka nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, kwenda Oman na kuendelea hadi India na China. Wanahistoria wa sanaa wanaona kwamba pembe kubwa zilizofika Ulaya wakati huo zilitoka kwa ndovu wa savana, nyingine zikipitia bandari za Waswahili, Bahari ya Shamu na Misri. England ilikuwa na wachongaji wake pia: vibao vya John Grandisson, askofu wa Exeter kati ya 1327 na 1369, vinaonekana British Museum.

Sura ya Mwafrika mwenyewe itafute Ujerumani. Katika kanisa kuu la Magdeburg kuna Mtakatifu Maurice wa jiwe, wa katikati ya karne ya 13, ndani ya deraya ya pete za chuma. Uso ni wa Mwafrika, umechongwa kwa heshima yote, na miguu imevunjika.

Nalipa kiasi gani kuingia, na naruhusiwa kufanya nini?

Makanisa ya vijiji kwa kawaida ni bure. Kuna sanduku la sadaka, weka chochote. Makanisa makubwa kama Westminster Abbey na Canterbury hutoza watalii, ila anayekwenda kusali ibadani halipi. Baadhi ya yale yasiyo na waumini tena, zaidi ya 350, hutunzwa na shirika la Churches Conservation Trust, na mengi huachwa wazi mchana.

Picha bila mwanga wa kamera huruhusiwa mahali pengi, lakini uliza. Nakala za mabamba ya shaba, zile za kutandika karatasi juu yake na kusugua kwa nta nyeusi, zinahitaji ruhusa ya kasisi na mara nyingi ada kidogo. Usisugue bila idhini, kwani shaba inalika. Kapeti likiwa juu ya bamba, linyanyue taratibu na ulirudishe. Beba tochi. Ukikuta mazishi au ubatizo unaendelea, kaa nyuma hadi wamalize, au nenda baa ya jirani, ambayo mara nyingi iko mkabala na lango la kanisa.